Panda Lundo, Usihesabu kwa Macho

Marahaba, marahaba. Nyie mlioajiriwa juzi kwenye maghala ya chakula, mnaopita hapa Kharumwa kunisalimia na simu zenu zinazosoma mistari ya kwenye mifuko, karibuni. Viti havitoshi, wengine kalieni gogo. Nasikia nikiwa sipo mnaniita Bibi Shazia. Niiteni tu, sina neno. Jina hilo nimelitolea jasho, na wengi wenu mnaijua nusu tu ya habari yake, tena ile nusu ya uongo. Eti nilimchoma mtu na sindano! Sikumchoma mtu. Nilitamani, lakini sikumchoma.

Mimi ni Limi, Mama Shija. Miaka ishirini na minane nilitunza ghala la chakula cha msaada mjini Shinyanga. Shirika lenyewe silitaji, halikunituma kulisemea. Kazi yangu ilikuwa kupokea mahindi, kunde na mafuta yaliyotolewa bure, kuyatunza, kisha kuyapakia yaende vijijini mvua ikikataa. Inaonekana kazi rahisi, eti? Huku chakula cha bure, kule watu wenye njaa, katikati barabara. Basi hapo katikati, wanangu, ndipo fisi wanapolala.

Aliyenifundisha ni mzee Luhende, mtunza ghala wa zamani, mfupi, mkali, mfuko wa shati umejaa karanga saa zote. Siku yangu ya tatu kazini alinisimamisha mbele ya lundo la magunia lililokaribia dari, akasema, "Binti, nataka idadi. Nikirudi nikute jibu." Akaondoka. Mimi nilikuwa nimetoka shule, kichwa hakipiti mlangoni. Nikahesabu ya upande huu, nikahesabu ya upande ule, nikahesabu kwenda juu, nikazidisha. Nikalitangaza jibu kwa sauti ili makuli wote wajue kuwa msomi amefika.

Makuli wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini.

"Mzee Luhende!" nikaita. "Jibu hili hapa, uko wapi?"

"Niko humu," sauti ikatoka ndani ya magunia.

Nilishtuka nikadhani mzimu. Nikapanda lundo kwa magoti, nikachungulia. Kumbe katikati waliacha shimo kubwa kama chumba, na mzee wangu yumo ndani, kakaa kwenye kigoda, anatafuna karanga. Akaniangalia kutoka kule chini. "Na mimi umenihesabu? Mimi ni gunia la mahindi au la kunde?"

Nililia kwa hasira siku ile, nawaambia ukweli. Lakini alipotoka alinipa karanga kiganja kizima, akasema macho huona ukuta tu, lundo lazima lipandwe. Tangu hapo sijawahi kulihesabu lundo nikiwa nimesimama chini, hata nilipokuwa na mimba ya Shija ya miezi saba.

Alinifundisha pia kutembea peku juu ya magunia. Msinicheke! Unyayo una akili yake. Mahindi makavu yanakwaruza ukiyakanyaga, yanakubeba kama sakafu. Kunde zinateleza. Mahindi yaliyoingia unyevu yako kimya, hayana sauti kabisa, na hapo ujue mvua imepita kwenye bati. Pumba inakudidimiza mpaka kifundo. Aliwahi kunifunga kitambaa machoni, akanitembeza juu ya malundo manne, nikataja moja moja. La nne nilikosea. Nikalirudia kila asubuhi kwa mwezi mzima mpaka likaniingia.

Tulikuwa na paka pia, tukimwita Mkaguzi, kwa sababu alikuja mara moja kwa mwezi, akalala, akala, akaondoka. Panya walimzoea wakawa wanampita kando. Ndiyo maana mifuko ilitoboka sana ghalani kwetu, na ndiyo maana nilijifunza kushona viraka.

Na hapa ndipo shazia inapoingia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Mimi natumia mkono wa kushoto. Nyumbani walinipiga, shule wakanipiga, mkono ukakataa kubadilika. Luhende naye alijaribu wiki mbili kunihamishia kulia, mpaka nikajichoma paja. Akaichukua ile kazi yangu, akaiweka kando ya yake, akaangalia. Mshono wake uliinamia huku, wangu uliinamia kule. Akacheka peke yake. "Basi, acha hivyo hivyo. Mwizi anaweza kuchonga muhuri unaofanana na wetu. Mkono wa kushoto hawezi kuuchonga." Tangu siku ile kila mfuko uliotoboka nilipiga kiraka mimi mwenyewe, na uzi mweusi, mishono yote imeinamia kule kwangu. Sikujua kama siku moja viraka hivyo vitaniokoa.

Sasa kosa langu. Nisipowaambia kosa nitakuwa najisifu bure, na kujisifu kwenyewe bado nakuja nako.

Luhende aliacha sheria moja alipostaafu: lori la msaada halitoki getini bila mtu wa kijiji kinachopelekewa kukaa juu ya mzigo. Juu ya mzigo, sikusema kiti cha mbele. Mzigo ulipo na yeye yupo, ukishushwa anauona. Sheria hii niliishika miaka mingi, madereva wakanichukia nami nikazidi kuishika.

Ukaja mwaka wa ukame upande wa Samuye. Mahindi shambani yalikauka yakiwa kimo cha goti, ng'ombe wakabaki mbavu, watu wakala michembe, vile viazi vya kukausha, mpaka michembe ikaisha. Kijiji kilichopangiwa chakula kilikuwa ni kijiji cha marehemu mume wangu. Nyumba yangu iko pale, jirani na ya mama mkwe wangu, Bibi Ngolo. Kwa hiyo mahindi yale niliyapakia kwa moyo wote.

Aliyepewa kazi ya kusafirisha aliitwa Fikiri. Jamani, yule mtu alikuwa na mdomo! Kila akija: "Mama Shija, maghala yote nimezunguka, mtunza ghala kama wewe sijaona. Malkia wa ghala!" Nami, mtu mzima na akili zangu, nikawa nasubiri aje aniambie tena. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Asubuhi ile malori mawili yalikuwa tayari, nikauliza, "Mtu wa kijiji yuko wapi?" Fikiri akacheka, "Ametangulia na bodaboda, malkia, anatusubiri mbele. Au huniamini na mimi?"

Nikaona aibu kumwambia simwamini. Nikafungua geti.

Siku chache baadaye karatasi ikarudi ina muhuri wa kijiji: mzigo umepokelewa. Nikaitunza nikiwa na furaha. Kumbe ule muhuri ulichongwa.

Asubuhi moja nikafika kazini nikakuta wanawake wamekaa chini mbele ya geti, kila mmoja na beseni tupu mapajani. Wote ni wa kijijini kwetu. Mbele yao kasimama mzee Mayunga, kamanda wa sungusungu, wale walinzi wetu wa jadi wanaoheshimika kuliko bunduki. Nilimsogelea nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba."

Hakuitikia.

Nikadhani hakusikia. "Shikamoo, baba," nikarudia.

Akaniangalia mpaka nikainamisha macho. "Mama Shija," akasema, "watoto wetu wanalala na maji. Mahindi yetu umeyapeleka wapi?"

Nyie mmezaliwa juzi, sijui kama mnajua uzito wa jambo hili. Mzee anayekufahamu tangu uolewe, kukataa shikamoo yako mbele ya watu! Ni bora angenichapa kofi. Nilimwonyesha ile karatasi. Akausoma muhuri, akasema muhuri wao umepasuka ukingoni tangu mwaka juzi, huu mzima si wao.

Mkubwa wangu wa kazi akanisimamisha siku hiyo hiyo, nikae nyumbani wakichunguza. Fikiri akaapa mbele ya watu kwamba alishusha kila kitu na karatasi anayo. Kwa hiyo aliyebaki ni mimi. Jioni nikaitwa uwanja wa shule kijijini, kijiji kizima kimekaa. Mzee Mayunga akatoa uamuzi wa sungusungu: nimepewa siku saba. Siku saba zikiisha bila mahindi au maelezo, natengwa, mimi na boma langu.

Kutengwa kwetu si maneno ya kutishana. Hakuna wa kukusalimia, wala wa kukupa kijinga cha moto. Kisimani ukifika wenzako wanaondoka. Ukiugua hakuna mguu unaoingia, na ukifa hakuna atakayeshika jembe kukuchimbia. Niliwaona majirani zangu wakinyanyuka, wakipita mbele yangu kama wanapita kisiki.

Usiku ule sikula. Bibi Ngolo alikuja na bakuli la uji wa udaga, ule unga wa muhogo, akaliweka chini, akakaa. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda.

"Mayu, mama yangu," nikamwambia, "na wewe unaniona mwizi?"

"Yaya," akasema. Hapana. "Najua hukuiba. Ila kujua kwangu hakujazi vyungu vya watu. Na mimi nimo kwenye boma lako, Limi. Nikifa wakati umetengwa, nani atanichimbia? Utanibeba mgongoni?" Nikaanza kulia. Akanipiga begani. "Nyamaza. Kulia utalia mahindi yakirudi. Malori mawili ya mahindi hayaliwi na mtu mmoja. Na mkulima hanunui mahindi mengi namna hiyo. Wafuate wasiolima."

Wasiolima! Mwanamke yule hakukanyaga shule hata siku moja. Ni nani huku kwetu hawalimi, wako wengi, na wanakula kwa kununua kila siku? Wachimbaji. Kesho yake nikapanda basi kwenda machimboni, pande za Bulyanhulu, ambako mdogo wangu Kabula ni mama lishe. Nikafunga kanga kiunoni nikawa namsaidia kupika, macho yangu yako kwenye kila gunia linalopita.

Siku ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Niligusa unga wa kila duka, nikanusa, nikatafuna punje za mahindi ya watu mpaka Kabula akaona haya. "Dada, wateja wanadhani umechanganyikiwa." Mahindi ni mahindi, hayana jina. Nikaanza kukata tamaa.

Siku ya nne mchana akaja kula mchimbaji mmoja, Hamisi, mtu wa Kondoa, mtu mzima mwenye ndevu zilizojaa vumbi jeupe. Alibeba mfuko wa mawe begani, akautupa chini, puu, akaukalia kama kiti. Nikampelekea ugali. Nilipoinama kuweka sahani nikaona, pembeni ya paja lake, herufi kubwa za buluu.

"Kaka, hebu inuka kidogo."

"Mama, mawe haya bado hayajasagwa, usiyatamani. Huenda yasiwe na kitu."

"Siangalii mawe yako. Inuka, nakwambia!"

Akainuka na sahani yake mkononi. Mfuko uliandikwa CHAKULA CHA MSAADA, HAIUZWI. Na chini ya maandishi, kiraka. Uzi mweusi. Mishono imeinamia kule kwangu. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi nikakipapasa kile kiraka kama mtu anayempapasa mtoto wake aliyepotea.

"Umeupata wapi mfuko huu?"

"Nimeununua kwenye ghala la Fikiri, hapo senta. Ameuza mingi. Nami nashangaa, mama, umeandikwa haiuzwi, nami nimeuziwa!" Akacheka mwenyewe. "Tena alituuzia umegeuzwa, ndani iko nje. Sasa mfuko uliogeuzwa mshono wa kitako unakaa nje, ukiuburuza kwenye mwamba unafumuka, mawe yote chini. Tukaigeuza tena sisi."

Mmeelewa, wanangu? Fikiri aliyamimina mahindi kwenye mifuko yake mingine akayauza. Ile ya msaada ilipobaki mitupu, mwizi mwenye akili angeichoma moto. Lakini machimboni mfuko mtupu ni mali, kila mchimbaji anautaka wa kubebea mawe. Roho ikamuuma kuichoma. Akaigeuza ili maandishi yajifiche, akaiuza nayo. Tamaa mbele, mauti nyuma! Hajawahi kuburuza mfuko wa mawe hata siku moja, hakujua wachimbaji wataurudisha ulivyokuwa.

Hamisi alinipeleka mwenyewe kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Mifuko imepangwa safu nzima, HAIUZWI, HAIUZWI, HAIUZWI, yote imejaa mawe ya dhahabu. Nilivikuta viraka vyangu kwenye tisa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, wachimbaji wakaniangalia, sijali.

Nikampigia simu mzee Mayunga. "Shikamoo, baba." Kimya. "Sawa, usiniitikie. Sikuombi uniamini. Njoo na macho yako tu."

Siku ya sita walifika, gari limejaa. Mzee Mayunga na sungusungu wake na filimbi zao, wanawake na mabeseni yao, na Bibi Ngolo kabanwa katikati, amekataa kubaki. Tukamchukua mtendaji na askari wawili, tukaenda ghalani kwa Fikiri. Tukamkuta mlangoni, anatabasamu.

"Malkia wa ghala! Karibuni, karibuni wazee wangu. Kuna nini?"

Ndani palikuwa na lundo moja kubwa. Askari akatoboa gunia la upande huu: pumba. La upande ule: pumba. Akazunguka nyuma: pumba. "Nauza chakula cha kuku, afande," Fikiri akasema kwa unyenyekevu. "Ile mifuko mitupu na mimi niliiokota tu kwa watu. Mnaona wenyewe, hesabuni kwa macho yenu."

Askari akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, mfuko mtupu peke yake haunitoshi." Mzee Mayunga akatazama chini. Nikaona wanawake wanaanza kuokota mabeseni yao. Kesho ndiyo siku ya saba.

Hesabuni kwa macho yenu! Nilimsikia mzee Luhende anatafuna karanga.

Nikavua kandambili. Nikakunja kanga, nikashika gunia la kwanza, nikaanza kupanda.

"Mama, utaanguka!" Fikiri akapiga kelele. "Umri huo! Mshusheni mama wa watu!"

Siku zote sita hakuna aliyejali nianguke au nisianguke. Nikajua niko njia sawa. Nikafika juu, nikasimama. Pembeni pumba ikanididimiza mpaka kifundo. Nikapiga hatua moja, pumba. Ya pili, pumba. Ya tatu, mguu ukakataa kuzama. Nikasugua unyayo. Chini yake kukakwaruza, krr, krr.

"Baba Mayunga!" nikaita. "Nipe vijana wawili huku juu. Katikati ya lundo hili hakuna pumba!"

Wakapanda. Tukatupa safu ya juu ya pumba, na chini yake herufi za buluu zikatutazama. Tukakokota mfuko mmoja hadi ukingoni. Nikachomoa bambo langu kiunoni, kile chuma chembamba cha kupimia nafaka ambacho sikiachi hata nikienda harusini. Nikalichomeka kwa mkono wangu wa kushoto. Mahindi meupe yakatiririka kutoka juu, yakamwagika kwenye buti za yule askari, na wala hakusogeza miguu.

Fikiri bado ana mdomo. Akasema mfuko wa aina hiyo uko nchi nzima, utajuaje ni wa Samuye? Basi nikashuka na mfuko wenye kiraka, nikaomba gunia lolote lililotoboka. Nikatoa shazia, nikapiga kiraka kipya mbele yao, kimya, hatua kwa hatua. Askari akaomba watu wawili wa Fikiri nao washone. Viraka vyao vikainamia huku. Changu na kile cha zamani vikainamia kule. Askari alivigusa kwa kidole, kimoja, kingine, akarudia. Kisha akamwambia Fikiri anyooshe mikono.

Wee! Filimbi zikapigwa, wanawake wakapiga vigelegele, mabeseni yakagongwa kama ngoma. Mzee Mayunga akapiga mwano, ule mlio wetu wa kuitana, machimbo yakanyamaza, wachimbaji wakatoka kwenye maduara, yale mashimo yao, wakidhani kuna vita. Nami nilisimama tu na sindano mkononi, sijui la kufanya. Ndipo yule mzee akanijia, akavua kofia yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba. Marahaba. Nilikuwa na deni lako, marahaba tatu."

Nililia, ndiyo. Bibi Ngolo alisema sasa ruksa.

Mengi yalikuwa bado mle ndani, maana mjinga alikuwa anasubiri ukame uzidi ili apandishe bei. Yaliyokwisha kuuzwa alilazimika kuyafidia mahindi kwa mahindi, kisha mahakama nayo ikachukua zamu yake. Siku ya kurudisha mzigo dereva aliuliza nani anakaa juu. Kabla sijajibu Bibi Ngolo alishashika ubao wa lori. Tulimsukuma watu watatu. Akakaa juu ya magunia, kilemba kinapepea, akaimba kutoka Bulyanhulu hadi Samuye, na kila kijiji tulichopita alisimamisha lori awaonyeshe watu mahindi. Tulifika tumechelewa sana, hakuna aliyelalamika. Jioni ile kila boma lilitoa moshi.

Mimi nikarudishwa kazini, na mkubwa wangu akaiandika ukutani sheria ya Luhende kwa rangi nyekundu. Ikaniuma kidogo kwamba hawakuandika jina lake, nikaliongeza mwenyewe kwa makaa.

Sizibezi simu zenu, wanangu. Zinasoma mstari wa mfuko haraka kuliko ninavyomenya karanga. Ila simu inasoma mfuko inaouona. Vueni viatu mpande. Na mtu akikusifu ukiwa umeshika ufunguo wa geti, funga kwanza, ndipo umshukuru.

Bibi Ngolo alifariki mwaka jana, usingizini, uzee tu. Nilitoka hapa Kharumwa na Shija tukafika Samuye mchana. Nikaona watu wamejaa uani, wamejaa hadi zizini, mzee Mayunga mwenyewe, na magongo yake mawili, anang'ang'ania jembe achimbe na vijana. Nikakumbuka swali la yule mama, nani atanichimbia. Nikawatazama wale watu kutoka mbali, halafu nikajikaripia. Nikavua viatu, nikapenya mpaka katikati kabisa, nikaangalia kama kuna shimo kama lile la mzee Luhende.

Hapakuwa na shimo. Walikuwa wamejaa mpaka ndani.